Panki Halidanganyi: Namna ya Kujitazama Kazini Bila Kuuvuruga Mkono

Mchukue sangara wa kilo tatu, mtoe minofu pande zote mbili, halafu minofu iache kwanza. Minofu hupendeza hata ikitoka kwenye mkono wa ovyo; ukishaisafisha kingo na kuilaza juu ya barafu, inang'aa na mteja anaridhika. Wewe inua panki, yaani ile mifupa iliyobaki na kichwa na mkia wake. Shika kichwa kwa mkono mmoja na mkia kwa mwingine, lielekeze dirishani. Kisu kilipopita vizuri, mwanga unapenya katikati ya mifupa, unaweza kuhesabu mwiba mmoja mmoja. Kilipoyumba, pameziba: nyama nyeupe imeng'ang'ania, hasa pale mbavu zinapoanza na pale juu karibu na kisogo. Hiyo nyama ni hela ya mwenye samaki, na ni habari zako wewe uliyekata.

Hapa Kirumba, Mwanza, panki lina wateja wake. Kina mama hulinunua wakalikaanga, na wanaotaka panki lenye nyama wanajua waende kwa mkataji gani. Huyo mkataji mwenyewe anaona tu meza yake inapendwa.

Nimekata minofu tangu 2003. Nilianzia kiwandani, sasa nina meza yangu si mbali na soko la Mwaloni, nauzia hoteli na mama lishe, na nafundisha vijana watatu watatu. Nataka nikuonyeshe namna ya kujitazama kazini: wapi utazame, lini utazame, na lini uache kabisa. Nimechukua samaki kwa sababu ndiye ninayemjua, lakini kama wewe ni kinyozi, fundi cherehani, mwalimu wa kwaya au dereva, utaona mahali pa kubadilisha neno.

Siku mkono uliponiganda

Niliwahi kufanya kazi kiwanda kimoja ambako wageni walikuja kukagua. Wenye kumbukumbu wanajua kwa nini macho ya wageni yalikuwa mazito namna ile: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa letu, Ziwa Victoria, kwa sababu ya watu waliovua kwa sumu, na Mwanza nzima ilionja kufunga mkanda. Kwa hiyo makoti meupe yakiingia, msimamizi anabadilika sauti. Asubuhi ile alitwambia, "Leo mtu asikosee."

Nilikuwa na miaka mitatu kazini. Nilikuwa natoa mnofu huku nikisikiliza habari za harusi ya jirani. Yule mgeni aliposimama nyuma yangu na karatasi yake, nikaanza kuutazama mkono wangu. Kidole gumba kiko mahali pake? Kisu nimekilaza kiasi gani? Kwani siku zote nakishikaje? Mambo ambayo mwili ulikuwa unayafanya kimya kimya nikayaita mbele moja moja kama watoto wanaoitwa majina darasani. Kisu kikapanda mbavuni, kikatoboa mnofu. Nikachukua samaki wa pili, nikajitazama zaidi, kikatoboa tena. Wa tatu nilimwacha nusu.

Nikahamishiwa kwenye barafu kwa mwezi mzima, kuchota na kumwaga. Lililoniuma zaidi ni kwamba sikuwa na neno la kueleza kilichotokea. Niliona nimerogwa.

Mzee aliyekuwa meza ya jirani, ndiye aliyenifundisha kazi, alinifuata jioni kwenye maji ya kunawia. Akanwambia, "Binti, ulikuwa unauangalia mkono wako. Mkono haukatwi. Anayekatwa ni samaki."

Kwanza jua uko ngazi gani

Ushauri wa yule mzee ni dhahabu kwa mtu aliyekwisha kujua. Kwa anayeanza, ni hasara, na hapa ndipo walimu wengi wa ufundi wanapokosea, wanampa mwanafunzi wa wiki ya kwanza maneno ya fundi wa miaka ishirini.

Mtoto wa dada yangu anasoma Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), pale Malimbe. Nilimsimulia siku ya makoti meupe, akanambia, "Mama mdogo, hilo jambo limepimwa." Mwaka 2002 mwanasaikolojia Sian Beilock na wenzake Marekani waliwapa watu mpira wa miguu, waupitishe katikati ya koni. Wachezaji wazoefu walipoambiwa wafuatilie ni upande gani wa mguu unaogusa mpira, mguu wao wa kulia ukapungua kasi. Walipopewa kazi nyingine ya masikio, kusikiliza maneno na kulitambua moja, mguu ukaenda vizuri. Wanaoanza ilikuwa kinyume: kuutazama mguu kuliwasaidia. Na lililonifurahisha zaidi ni hili: wale wale wazoefu, wakitumia mguu wa kushoto ambao hawakuuzoea, nao walifanya vizuri walipouangalia.

Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa fundi upande mmoja na mwanafunzi upande mwingine. Mimi mwenyewe ni fundi wa sangara. Kwa sato, ambaye ni mdogo, mifupa yake imebanana, hata leo naangalia vidole. Usiulize "mimi ni mzoefu?" Uliza kipande kwa kipande: kuingiza kisu nyuma ya shavu, ninaweza huku naongea na mtu? Kutambaa juu ya mbavu, ninaweza huku naongea? Kuchuna ngozi? Pale maongezi yanapokatika, hapo bado unajifunza, na hapo kuutazama mkono ni halali yako. Pale maongezi yanapoendelea, mkono umekwisha kujua, uache.

Wakati wa kazi, macho kwa samaki

Sasa ukiwa kwenye kipande unachokijua, na kuna mtu anakuangalia, au mteja ana haraka, au siku yenyewe tu imeamka vibaya, ufanye nini na akili? Kuiambia "usifikirie" hakusaidii. Akili ni kama mtoto jikoni, ukimwambia asiguse ndiyo umemwonyesha. Mpe kazi, tena kazi iliyo nje ya mwili wako.

Mimi naisikiliza ncha ya kisu. Ikiwa inatambaa sawasawa juu ya mifupa, kuna mlio, krr-krr-krr, kama kidole kikipita kwenye meno ya chanuo. Mlio ukinyamaza, kisu kimeacha mfupa na kimeingia kwenye nyama, nakirudisha. Sijui mkono unakirudishaje na sitaki kujua wakati ule. Nina neno moja tu ninalolisema moyoni, "mfupa". Mfupa, mfupa, mfupa, mpaka mkiani.

Kuna mtafiti anaitwa Gabriele Wulf ambaye na wenzake walichapisha jambo la namna hii mwaka 1998. Watu walikuwa wanajifunza kwenye kifaa kinachoigiza kuteleza kwenye theluji. Walioambiwa waelekeze akili kwenye magurudumu yaliyo chini ya jukwaa walijifunza vizuri kuliko walioambiwa waelekeze akili kwenye miguu yao, ingawa miguu na magurudumu vilikuwa karibu kabisa. Ni tofauti ndogo ya mahali, kutoka mwilini kwenda kwenye kitu, na inatosha.

Tafuta mlio wako. Mshonaji asikilize mwendo wa kitambaa chini ya mguu wa cherehani. Mwimbaji apeleke sauti kwenye ukuta wa mwisho wa kanisa, aache koo. Dereva wa bodaboda, kwenye zile kona za mawe za kushuka kutoka kilima cha Bugando, atazame pale barabara inapotokea. Chagua kitu kimoja, kipe neno moja fupi, na lifanyie mazoezi siku za kawaida, maana neno ambalo hukulizoea halitakuja siku ya makoti meupe.

Na yazoee macho ya watu mapema. Wanaotaka kukata kwa ajili ya hoteli nawarekodi kwa simu tangu wiki ya tatu. Naiegemeza kwenye kopo la chumvi, nawaambia nitaitazama jioni. Wanalalamika. Lakini huyo huyo Beilock, na mwenzake Thomas Carr, walionyesha mwaka 2001 kwamba watu waliojifunza kupiga gofu mbele ya kamera hawakuporomoka walipobanwa baadaye, wakati wengine waliporomoka. Wasukuma wa huku kwetu hawakuhitaji kamera. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, wanacheza wakati mmoja, kundi huku na kundi kule, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Mtoto aliyekulia kwenye ngoma hiyo anajua kucheza huku anatazamwa, tena huku anakimbiwa.

Baada ya kazi, tafuta panki lako

Hapa ndipo kujitazama kunapofanya kazi yake hasa, na hapa sitaki upite haraka.

Kila kazi ina panki. Namaanisha kile kinachobaki nyuma baada ya kazi kupendeza mbele ya mteja. Panki la fundi cherehani liko ndani ya nguo, kwenye mishono. Panki la kinyozi ni shingo ya mteja siku ya tatu. La mwalimu ni daftari la mtoto anayekaa nyuma kabisa. La kwaya ni sauti iliyorekodiwa na simu ya mtu aliyekaa mlangoni. Usipolipata panki la kazi yako utabaki kuuliza nafsi yako "nimefanya vizuri?", na nafsi itajibu unavyotaka.

Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa hivyo. Mwaka wangu wa pili ningekuapia kwamba mimi ni wa tatu kwa ubora kwenye zamu yetu. Yule mzee hakubishana nami. Aliokota mapanki yangu matano kutoka kwenye kreti na matano ya kwake, akayapanga kwenye meza yenye maji, akaondoka kwenda kunywa chai. Yangu yalikuwa yamenona. Nilisimama pale peke yangu mpaka aliporudi. David Dunning na Justin Kruger wa Chuo Kikuu cha Cornell waliandika mwaka 1999 juu ya watu wa aina yangu ya wakati ule. Waliwapima watu mantiki na sarufi, na hata kutambua kichekesho kizuri. Waliopata chini kabisa ndio waliojikadiria juu mno kupita walivyostahili. Maelezo yao yaliniingia: ujuzi wa kufanya jambo vizuri ndio huo huo unaohitajika kuona kwamba umelifanya vibaya. Ukikosa mmoja umekosa yote miwili. Ndiyo maana lazima kitu cha nje kikuambie, kitu ambacho hakina sababu ya kukupendeza wala kukuonea.

Fanya hivi. Mwisho wa siku chukua panki moja la asubuhi, moja la mchana, moja la mwisho. Usichague. Yatazame kwenye mwanga, kisha andika kwenye daftari mistari mitatu, isizidi. Wa kwanza: wapi nyama imebaki. Wa pili: nilikuwa na hali gani saa ile. Wa tatu: kesho nitajaribu nini, jambo moja. Mfano kutoka daftari langu la zamani: "Ubavu wa tatu na wa nne. Saa nane, nina njaa, kisu hakijanolewa tangu saa nne. Kesho ninoe saa sita kabla ya kula." Hivyo tu.

Angalia kwamba hakuna mahali nimeandika "mimi mvivu" au "mimi sina kipaji". Maneno hayo yanaonekana kama unyenyekevu, lakini hayana pa kushika. Hayakuambii unoe kisu saa ngapi. Mwanafunzi akiniandikia "mimi mzito wa kuelewa" nalikata, namwambia arudi kwenye panki aandike ni ubavu wa ngapi.

Ukitaka kuvunja tabia ya zamani

Utafika wakati panki litakuonyesha kosa moja wiki baada ya wiki. Langu lilikuwa kunyanyua kisu kila ninapofika kwenye mbavu, kidogo sana. Nilijifunza hivyo nikiwa na kisu kibovu, na nilipopata kizuri mkono ukaendelea kunyanyua.

Kosa lililozama mwilini halitoki kwa neno moja moyoni. Inabidi ulirudishe kwenye macho, ujifanye mwanafunzi tena, na ukubali kwamba kazi yako nzima itaharibika kwa muda. Mimi ilinichukua majuma sita. Nilitenga samaki wawili kila asubuhi kabla ya wateja, niliwakata taratibu mno, nikiutazama mkono, nikisimama kila ubavu. Wateja wakifika, narudi kwenye mlio wangu, hata kama kisu kinanyanyuka vilevile. Nisingechanganya hayo mawili. Ukianza kurekebisha mkono mbele ya mteja utapata tabia mbaya ya zamani na woga mpya juu yake. Na usirekebishe makosa mawili kwa pamoja.

Panki la mtu

Nilidhani kujitazama ni kwa ajili ya kisu tu, mpaka miaka michache iliyopita.

Nilikuwa na mwanafunzi, binti wa Ilemela, mwepesi wa mkono kuliko mimi nilivyokuwa. Asubuhi alikata vizuri. Kila nilipopita upande wake, minofu inatoboka. Nikamwona mzembe, nikamsema mbele ya wenzake, tena kwa sauti. Siku moja nilikuwa nje nyuma ya pazia la turubai natoa gambuti, nikamsikia anamwambia mwenzake, "Mama akisimama nyuma yangu mkono unaganda. Najiuliza hata kisu nakishikaje."

Ni maneno yangu yale yale ya kiwandani. Nilikaa pale na gambuti moja mguuni. Kwa miaka yote nilikuwa nimemchukia yule mgeni mwenye karatasi, na huku nimevaa koti lake.

Nikaenda kumuuliza binti yangu wa kumzaa, jioni, tunachambua dagaa. Nikamwambia, "Nikiingia nyumbani mnaacha kuongea jambo gani?" Alinyamaza kwanza. Ukiuliza swali hili, kubali kimya chake, usijaze. Kisha akaniambia, kwa heshima zote, kwamba wananisomea uso kabla ya kunisalimia, na kwamba shule ikiwa mbaya wanamwambia baba. Panki la mtu ndilo hilo, kile watu wanachokimeza ukifika. Hukioni kwa kujichungulia ndani usiku kitandani. Anakiona anayekaa upande wa pili, na atakuonyesha akiwa na hakika hutamrukia.

Ukitaka kulifanya hili, muulize mtu mmoja asiyekuogopa sana, swali moja la jambo linaloonekana, kama hilo langu. Usimuulize "mimi ni mtu wa namna gani?", maana huwezi kupewa jibu la kweli na mtu anayetaka mle pamoja kesho. Jibu likitoka, sema ahsante, nenda zako. Kujieleza kuje siku nyingine, kama bado utaona kuna haja.

Meza nayo niliibadilisha. Sisimami tena nyuma ya mwanafunzi. Nakaa ng'ambo, na kazi yangu mikononi, nakata wa kwangu. Sitamki neno kisu kikiwa ndani ya samaki. Wakimaliza, tunakutana dirishani na mapanki, kila mtu na lake, na langu linatangulia kutazamwa, wao ndio wanaonambia palipobaki nyama. Mara ya kwanza hakuna aliyethubutu. Mara ya tatu yule wa Ilemela akanyoosha kidole chenye magamba, "Mama, hapa kwenye kisogo." Kweli ilikuwepo. Nikaandika kwenye daftari mbele yao.

Bado nakosea. Siku za joto, samaki wakichelewa kutoka visiwani na barafu inayeyuka, sauti yangu inapanda na naiona ikipanda. Wakati huo nimejipa kazi ya nje kama kwenye kisu: naenda kuhesabu kreti. Zikiwa kumi na nne nitazihesabu zote kumi na nne, kisha nitarudi.

Jumanne iliyopita yule binti aliniletea panki mwenyewe, sijamwita. Sasa anakata kwa siku idadi ninayoikata mimi. Akasema, "Mama, ubavu wa nne kuna kitu, sikioni vizuri." Tukalielekeza dirishani. Kilikuwepo, kipande kama ukucha wa kidole cha mwisho. Nikamuuliza mlio ulinyamaza? Akafikiri, akasema ulinyamaza kidogo, pikipiki ilikuwa inapita. Akaenda kuchukua sangara mwingine, mimi nikaenda kuosha kreti.